Tupeni Behewa Moja Wakati wa Kusi

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wanabodi,
Shirika la Reli la Kenya,
Nairobi.

MINTARAFU: BEHEWA MOJA, MUHULA WA PILI

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nakaa Makina, Kibera, na kazi yangu iko Kawangware, kwa hivyo kila siku ya shule navuka Ngong Road mara mbili kwa miguu, asubuhi nimebeba vitabu, jioni nimebeba vitabu na sukuma wiki. Nawaandikia ninyi, wala si Wizara ya Elimu, kwa kuwa kitu ninachoomba kina magurudumu na wenyewe ni ninyi.

Naomba behewa moja la ekonomi kwenye Madaraka Express, ile inayoondoka Syokimau saa mbili asubuhi. Mara moja kwa mwaka, Jumanne, mwezi wa Juni. Abiria watakuwa watoto wa Gredi ya Sita wa Kibera na Kawangware pamoja na walimu wao. Watarudi siku ya tatu, kwa treni ya saa mbili kutoka Mombasa. Siku ya katikati ndiyo yenye shughuli. Siku moja tu ya kutembea ukingoni mwa bahari, upepo ukiwapiga usoni. Mwaka jana niliionja siku hiyo nikiwa na watoto tisa, na tangu nirudi sijatulia.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Niliwapa insha, "Safari ya Baharini," kichwa ambacho kila mwalimu wa Kiswahili nchini amewahi kukitoa siku aliyochoka. Nikakusanya madaftari arobaini na matatu. Karibu wote walikuwa wamerauka macheo, wakashika tariki, wakachana mbuga, na walipofika waliikuta bahari imetulia tuli kama maji mtungini. Niliweka alama ya vyema pembeni mwa sentensi hiyo mara kumi na kitu kabla ya kalamu kunisimama mkononi. Mtungini! Mtungi wanaujua. Ni ule wa manjano wa lita 20 wanaopanga nao foleni kwenye kioski cha maji kabla ya kuja shule. Bahari ndiyo hawaijui. Walikuwa wamechukua maji pekee waliyowahi kuyaona yametulia, wakayaita bahari, nami nikawapa alama.

Wiki iliyofuata tulifika kwenye maji kupwa na kujaa. Nilichora mstari ubaoni, nikachora mwingine chini yake, nikaeleza kwamba maji hurudi nyuma kwa saa kadhaa, kisha huja tena. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akapiga kofi la kuelewa. "Kumbe hata huko kuna mgao!" Darasa zima likaitikia kwa vichwa, maana jambo lilikuwa limeeleweka. Binti wa mbele akauliza swali la pili, ambalo kwa mantiki hiyo lilikuwa la haki kabisa: "Na ni nani anayefunga?"

Nilicheka nao. Usiku sikucheka. Lugha ninayofundisha imezaliwa ufukweni. Methali zake zimejaa matanga, nanga, nahodha na ngama. Watoto wangu huzikariri kama namba za simu za watu ambao hawatawahi kuwapigia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: tezi ni nini, omo iko upande gani, ngama kuna nini humo? Dau la mnyonge haliendi joshi. Miaka kumi na minne nimewaambia wanafunzi kwamba joshi maana yake ni mbio. Nitalirudia neno hilo mbele kidogo, na mtaona aibu iliyonipata.

Kwa nini nyinyi? Kwa sababu reli yenu inapita mlangoni kwetu. Njia ile inayokatiza Kibera ni mwendelezo wa reli iliyoanzwa kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Mtoto wa Laini Saba akisimama juu ya taruma na kuelekea mashariki, asikate kona wala asichoke, ataishia baharini. Wamezaliwa kwenye mkia wa uzi ambao kichwa chake kiko Kilindini. Honi ya treni ya abiria wa mjini ndiyo saa yao ya asubuhi. Kabla hamjajenga ukuta, mama zao walitandaza omena na viatu vya mitumba hadi kwenye chuma chenyewe, wakavivuta honi ikilia, wakavirudisha behewa la mwisho likipita.

Najua pia kwamba faili letu kwenu lina madoa. Januari 2008 reli iling'olewa hapa Kibera, na shehena ya Uganda ikakwama. Nilikuwa hapa. Mimi sikung'oa, ila sikumzuia mtu. Nalitaja mapema ili msije mkanikumbusha ninyi.

Kuna na jambo la pesa. Tangu 2013 karibu kila bidhaa inayoingia nchini kwa matumizi ya hapa hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani yake. Suruali ya mtumba ya Soko la Toi imelipa. Simu ya kabambe ya mama mboga wa Kawangware imelipa, na mchele wa Pakistani uliopikwa Krismasi umelipa vilevile. Mtoto wa Gredi ya Sita leo amekuwa akivaa, akila na kuchezea vitu vilivyolipa ushuru huo tangu azaliwe, na hajawahi kukanyaga ngazi ya treni aliyoichangia. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilitugharimu shilingi bilioni 327. Sidai hisa. Nadai kiti.

Kiti hicho kina bei, nayo naijua kwa maumivu. Januari 2024 nauli ya ekonomi ilitoka shilingi 1,000 ikawa 1,500, sababu ikiwa kupanda kwa bei ya mafuta, na sibishani nayo. Kwenda na kurudi ni 3,000. Kwa familia nyingi za Gatwekera, hapa Kibera, hiyo inakaribia kodi ya mwezi ya chumba cha mabati. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, naam. Lakini Gredi ya Sita ndipo watoto wanapotimiza miaka 12, na kwenye dirisha la tiketi miaka 12 ni utu uzima.

Basi wazazi walichanga. Miezi minane, kidogo kidogo, kwenye daftari la mama mmoja anayefua nguo Lavington na ambaye hesabu zake hazijawahi kupishana hata kwa shilingi. Zilipohesabiwa, zilitosha watoto tisa. Tisa kati ya arobaini na watatu. Walikuwa Gredi ya Tano wakati huo. Tulikunja vikaratasi tukavitia kofiani. Sitaki kuieleza siku ile ya kofia.

Safari yenyewe mnaijua kuliko mimi. Pale Syokimau mikoba ilipangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi akaipitia mmoja mmoja, na alipofika kwenye mfuko wenye chapati na ndengu alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Watoto wakaanza kumtetea mbwa kabla hajashtakiwa. Tsavo walitafuta simba kwa sababu tulikuwa tumetembelea makumbusho yenu mjini, wakaona lile behewa ambalo simba alimvuta kutoka ndani yake Mrakibu wa Polisi Ryall pale Kima, Juni 1900. Simba hawakuonekana. Ndovu walionekana, wekundu kwa udongo, na binti mmoja akahoji kwa nini hawaogi. Nawashukuru sana kwa makumbusho yale. Behewa la kutazama basi tunalo, limebaki la kupanda.

Tulilala kwenye ukumbi tulioazimwa Majengo, Mombasa. Alfajiri tukashuka hadi Mama Ngina.

Ni pazuri, na hapana kiingilio. Mibuyu mikubwa imeinamia bahari, ukingo wa mwamba uko wima, na chini yake maji ya mlango wa Kilindini. Feri za Likoni zilikuwa zinapishana, zimejaa watu waendao kazini kama matatu za namba 46 asubuhi. Watoto walisimama kwenye ukuta mfupi, kimya, wakitafuta ng'ambo. Ndipo meli ya makontena ikaingia. Mkondo ule si mpana, na meli hupita karibu mno hata unaweza kumwona baharia akivuta sigara. "Ghorofa inatembea!" mmoja akapiga yowe. Mwingine, ambaye mjomba wake ana kinyozi ndani ya kontena kuukuu kule Kawangware, alihesabu mpaka akapoteza hesabu, akanigeukia kwa uso wa mtu aliyefichwa jambo: "Mwalimu, makontena huja yakielea?" Kwake yeye kontena ni kitu kilichoota kando ya barabara. Nilimwonyesha upande wa bandari, nikamwonyesha upande wa reli, nikamwambia viatu alivyovaa vilipita hapa. Akaviangalia viatu. Somo la biashara ya kimataifa lilichukua nusu dakika.

Tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukapanda matatu tuliyokodi, tukaelekea kaskazini. Nyali, Mtwapa, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu baada ya safu. Wawili walitapika. Kabla ya Kilifi tuliacha lami upande wa Takaungu, tukatikiswa kwenye vumbi, na mahali njia ilipokwisha tukawa tumefika Vuma.

Sijui aliyepapa jina hilo, lakini hakuhangaika. Panavuma. Kusi ilichukua kofia ya kwanza kabla hatujashuka wote. Hapo hakuna ufuo wa mchanga wala viti vya plastiki wala mtu wa kukuuzia bangili. Ni uwanda wa jiwe, matumbawe ya kale yaliyotobokatoboka kama mkate wa kumimina na makali kama wembe, halafu ghafla hakuna kitu. Bahari imelila jiwe kwa chini, ukingo umebaki kama paa lisilo na nguzo. Wimbi likiingia chini yake unalisikia kwa nyayo kwanza, masikio baadaye. Kisha povu linaruka juu ya ukingo, linasimama hewani kidogo kama linafikiria, na kusi inakumwagia wewe.

Nilikuwa nimenunua kamba ya katani. Niliifunga kwenye magari mawili, letu na la wageni waliokuwa wakipiga hema, hatua ishirini kutoka ukingoni, na sheria ilikuwa moja: asiyeshika kamba anarudi garini. Nilijaribu kuwahesabu kwa sauti, upepo ukaniingiza namba mdomoni. Nikawahesabu kwa vidole, mara nne. Ndala za mtoto mmoja zilikatwa na jiwe, akamaliza siku na soksi zangu.

Nawaambia mambo haya madogo kwa sababu ndiyo niliyoyaendea. Mtoto mmoja alilamba midomo, akalamba tena. "Mwalimu, hewa ina chumvi." Nimefundisha miaka kumi na minne na sijawahi kuisoma sentensi hiyo kwenye insha yoyote, kwa sababu haipo kwenye vitabu vya misemo. Mwingine alifumbua mdomo kuelekea upepo akaacha upepo uimbe mashavuni mwake kama chupa. Na binti yule wa mama mfuaji, aliyekuwa hajasema neno tangu Mama Ngina, alishika kamba kwa mikono miwili, akaangalia mawimbi yakiinuka, yakijipiga jiweni, yakijikamua, povu likitiririka. Aliangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Bahari inafua." Nikangoja. Kuna walimu ambao wangelisahihisha. Baadaye akaongeza, kama mtu anayetoa kasoro ya kazi ya mwenzake: "Inafua tu. Haianiki."

Mchana tulishuka kijijini Takaungu, kwenye hori, ambako maji yamekingwa na upepo umevunjika nguvu. Mzee mmoja alikuwa anashona tanga. Watoto wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja kama walivyofundishwa, akashtuka, akaitikia marahaba mara tisa, mmoja mmoja. Nikamwambia sisi ni wa Nairobi, tunasoma Kiswahili, tuna maswali. Akaweka sindano.

Hapo ndipo aibu ilipofika. Nilimtajia dau la mnyonge, na kwa kujiamini kabisa nikawaeleza watoto mbele yake kwamba haliendi mbio. Mzee alinitazama kwa huruma. "Joshi si mbio, mwalimu." Akachora mchangani kwa ufito: upepo watoka huku, wewe wataka kwenda huko huko utokako upepo. Hapo ndipo chombo huenda joshi, tanga likazwe kweli kweli, likate upepo. Tanga la mnyonge ni kuukuu, lina viraka, ukilikaza litachanika. Kwa hivyo mnyonge hungoja upepo umpeleke utakako wenyewe. Dau lake si kwamba ni zito. Kitambaa ndicho kilichochoka. Akatuonyesha na kiraka alichokuwa akikishona. Watoto tisa walikaa kimya. Wanatoka mahali ambapo kila mtu anajua kitambaa kilichochoka kinavyokuwa.

Aliwaingiza ndani ya dau lililokuwa limepandishwa mchangani. Hii omo, mbele. Hii tezi, nyuma. Na hii, chini kabisa, ngama, panapojikusanya maji. Akayateka kwa kopo la rangi akayamwaga nje ili waone kazi yake. Nendeni mbele, rudini nyuma, mtaishia kuteka maji humu, akasema. Methali mbili, robo saa.

Wakati huo wote maji ya hori yalikuwa yanaondoka. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na binti aliyewahi kuniuliza ni nani anayefunga alikuwa mmoja wa tisa. Alisimama kwenye nguzo ya gati akawekelea kidole pale unyevu ulipoishia, akarudi baada ya muda, akakuta maji yako chini ya kiuno chake, baadaye chini ya goti. Alimuuliza mzee swali lile lile. Mzee akaelekeza kidole juu. Haikuwa dini. Mwezi ulikuwa umeshachomoza mchana kweupe, mwembamba kama ukucha, na yeye akauonyesha kama anayemwonyesha jirani.

Ndiyo siku yenyewe. Kesho yake tulirudi.

Sasa, mtaniuliza kwa nini nataka Juni, wakati bahari imechafuka, na si Desemba ambapo kaskazi inavuma taratibu na kila mtu anaelekea huko. Sababu ya kwanza ni yenu: Desemba treni zenu zimejaa, hata za nyongeza, ila Juni, katikati ya wiki, najua zinapumua. Ya pili ni yangu. Bahari ya Desemba watoto wangu wanayo, iko kwenye kalenda za benki zilizobandikwa ukutani kila mahali Kawangware: bluu, mnazi mmoja, hakuna mtu. Nataka wapate bahari inayopiga kelele. Ile inayonyamazisha darasa.

Mtasema Nairobi hapakosi maji ya kutembelea. Kando ya Kibera kuna Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya mji. Jirani yangu, mzee wa Kinubi, anakumbuka mashua za matanga zikishindana pale Jumapili, Wazungu wamevaa kaptula nyeupe. Leo gugu-maji limelifunika, maji taka yameshukia humo, na mtoto mgeni akiletwa hapo huuliza kama uwanja huo unachezewa. Kwa hivyo tulikuwa nalo tanga letu, hatua chache kutoka Silanga. Hilo ni la barua nyingine, kwa ofisi nyingine.

Mtasema pia kwamba kuna watoto wengi Kenya ambao hawajaiona bahari. Kweli. Wa Turkana wana ziwa lenye upepo mkali kushinda wa Vuma, lakini la chumvi ya aina yake, na wa Kakamega hawana hata hilo. Wapeni nao. Mimi naombea waliopo chini ya honi yenu, kwa kuwa ndio ninaowajua kwa majina na ndio wanaoamshwa na treni isiyowapakia.

Na kuna jambo jingine kuhusu Kibera na Kawangware ambalo huenda halisemeki vizuri katika barua rasmi, lakini nitajaribu. Wageni huja Kibera kutembezwa. Ni ziara ya siku moja, ina kiongozi, ina bei, ina vituo vya kupigia picha, na kimojawapo cha vituo hivyo ni reli yenu. Watoto wetu wamekua wakiwa mandhari ya watu wengine. Wanajua jinsi ya kusimama, wanajua kusema "how are you" kwa sauti ile moja, wanajua kamera ikiinuliwa mahali pa kuangalia. Pale Vuma, wageni wale wa mahema walipotoa kamera, niliona watoto wakianza kujipanga kwa mazoea. Kisha wimbi likaja, wote tisa wakageuka wakaangalia baharini, na wageni nao wakageuza kamera huko. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyewaangalia watoto wangu. Walikuwa na kazi yao ya kuangalia.

Kuhusu usalama: sitaki waogelee, na hakuna atakayeingia majini kupita vifundo vya miguu, tena horini, maji yakiwa yamepwa. Kamba ninayo. Mzazi mmoja kwa kila watoto watano. Mabasi ya kule tutayalipa wenyewe, chakula tutapika wenyewe, pa kulala nimeshaongea. Behewa la ekonomi lina viti mia na ushei. Nimepiga hesabu: darasa langu, na Gredi ya Sita ya shule ya jirani, na klabu ya Kiswahili ya Lindi, hapa Kibera. Tunajaa, hata sakafu hamtafagia sana, kwa sababu mama yule wa daftari atakuwemo.

Watoto waliporudi niliwapa insha tena, kichwa kile kile. Madaftari tisa yalikuwa tofauti. Hakuna aliyerauka macheo. Mmoja aliandika kuhusu chumvi. Binti wa kamba aliandika mistari mitano tu, na neno mtungi halikuwemo. Madaftari thelathini na manne mengine yalikuwa na bahari iliyotulia tuli. Nilitoa alama kwa haki kadiri ya uwezo wangu, ila nakiri ilinisumbua kuwahukumu wote kwa mizani moja.

Kijana aliyesema "mgao" hakuokota karatasi ya bahati siku ile ya kofia. Amekaa na wenzake waliokwenda, amewasikiliza, na sasa anaeleza kupwa na kujaa vizuri kuliko mimi, mwezi na kila kitu, ila humalizia kila mara kwa kusema "ndivyo wanavyosema." Yuko Gredi ya Sita sasa. Ana miaka 11. Kwa mujibu wa cheti chake cha kuzaliwa anafikisha 12 tarehe 19 Juni, na kuanzia siku hiyo kwenye dirisha lenu atakuwa mtu mzima. Kwa hivyo, kama inawezekana, naomba Jumanne yoyote iliyo kabla ya hapo. Mkikataa behewa, angalau yeye nimlipie nusu.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Makina, Kibera.